Kipande Chetu cha Mfongo

Waliokuwepo siku ile wageni wa mradi walipokuja nitawataja wote, bila majina, kwa sababu wengine bado tunakutana kanisani na kupeana amani. Alikuwepo mzee wa mfongo, msimamizi wa maji yetu, aliyekalia kiti pekee chenye mikono. Alikuwepo katekista, mwenye uwanja tuliokutania, na mke wake aliyekuwa akichemsha chai. Alikuwepo mwalimu mstaafu, aliyenifundisha darasa la tatu. Walikuwepo ndugu wawili wapasua mbao, wameketi pamoja kama kawaida yao. Alikuwepo baba yangu mdogo, amevaa koti la marehemu baba yangu, na mama mdogo, mke wake. Alikuwepo mzee wa bondeni, ambaye nyumba yake ni ya mwisho kwa chini, amekaa pembeni juu ya gogo na miguu ameinyoosha. Kutoka mjini Moshi walikuja wageni wawili, mama mmoja wa mradi wa mazingira na dereva wake. Na tulikuwepo sisi watoto wanne: mimi wa kwanza, nikiwa na miaka kumi na saba, wadogo zangu wawili wa kiume, na kitinda mimba wetu, msichana, aliyelala mapajani mwangu.

Nawataja kwa sababu kila mmoja wao, ukiwatoa wageni na sisi watoto, alijua jambo ambalo mimi sikulijua. Angefungua mdomo mmoja tu kati yao, nisingefanya nililolifanya.

Mfongo ni mfereji. Wetu ulichimbwa na watu ambao hata wazee wetu hawakuwaona. Unachukua maji mtoni, juu karibu na msitu, unayazungusha kwenye ubavu wa mlima na kuyashusha hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zetu, yenye migomba na kahawa na zizi la ng'ombe nyuma. Tawi letu lilikuwa na nyumba nane. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji katika wiki, na kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha kuchimba. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, watu walipanda na majembe kwa siku mbili, wakatoa tope, wakakata magugu, wakaziba palipobomoka. Aliyeacha kipande chake alitozwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Aliyeacha misimu mitatu mfululizo alifungiwa mlango wake wa maji, na zamu yake akapewa mwingine aliyeiomba.

Kulikuwa na sheria nyingine ambayo hakuna aliyewahi kuisema kwa sauti. Waliopanda kuchimba walikuwa wanaume. Mwanamke hakupanda kwenye mfongo na jembe. Ukiuliza sababu uliambiwa maji yatakauka.

Baba alifariki kwanza. Mama alimfuata baada ya mwaka na nusu, kwa ugonjwa uleule, ambao miaka ile watu waliutaja kwa kushusha sauti hata kama mgonjwa mwenyewe hayupo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikiwa darasa la sita. Baada ya matanga wazee walikaa na kugawana maneno. Wa kiume mkubwa alikuwa na miaka tisa. Baba mdogo alisimama, akasema nyumba ya kaka yake haitakufa yeye akiwa hai, na kwamba kipande cha mfongo atakichimba yeye mpaka mtoto wa kiume akue. Watu wakashukuru. Mimi nikashukuru pia, nililia kabisa. Wiki iliyofuata nilirudisha daftari na vitabu vya shule.

Tulichokuwa nacho ni ng'ombe mmoja wa maziwa, migomba, mistari michache ya kahawa na bustani ya mboga chini ya migomba. Kahawa wakati huo haikuwa tena kitu cha kutegemea. Chama cha ushirika kilikuwa hakitoi tena dawa wala mbolea kama zamani, wanunuzi binafsi walipita na mizani zao na bei waliyotaka wao, na watu wengi waliacha mibuni ipate kutu. Baba mdogo aling'oa yake yote akapanda nyanya za kuuza sokoni Kwa Sadala. Nyanya zinataka maji wakati wa kiangazi, mengi. Lakini hilo sikulifikiria. Nilifikiria mboga zetu, majani ya ng'ombe, na ndizi za kupikia. Bila zamu yetu ya maji, kiangazi kimoja kingetosha kukikausha kile kipato chetu kidogo cha mboga na maziwa, na wadogo zangu wangenifuata nyumbani kama mimi nilivyoacha shule. Kwangu mfongo ulikuwa jambo hilo tu. Maji yakija, watoto wanaenda shule.

Zamu yetu ilikuwa Jumatano mchana. Mwaka wa kwanza maji yalikuja vizuri. Mwaka wa pili yakaanza kuja membamba, na mara nyingine yalikatika kabla sijamaliza mistari miwili. Nilimuuliza baba mdogo.

"Juu kuna uvujaji," alisema. "Nimeziba. Wewe mwagilia unachopata, ushukuru."

Mwaka wa tatu nilianza kuangalia mwenyewe. Mlango wetu wa maji ulikuwa kwenye ukingo wa juu wa kihamba, na mpaka pale niliruhusiwa kufika. Asubuhi moja nilikuta kwenye tope alama za viatu vya tairi. Siku zile watu wote walishahamia kandambili za plastiki, na viatu vya tairi alivaa mtu mmoja tu, mzee wa bondeni. Tope lilikuwa limepigwapigwa kwa mgongo wa jembe, likalazwa upande wa chini wa ukingo. Jumatano nyingine nikaziona tena. Na tena kabla ya vuli, alama nyingi, kama mtu aliyekaa pale muda mrefu.

Mzee wa bondeni na mama yangu waliwahi kugombana. Ng'ombe wetu alikata kamba akala migomba yake michanga, mama akatoa neno baya, na tangu hapo hawakusalimiana. Mama alipofariki alikuja kwenye mazishi, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Sisi watoto tulimwamkia njiani kwa sababu tulifundishwa, lakini shikamoo yetu ilitoka puani. Kwa hiyo nilipoziona zile alama sikuhitaji kufikiri sana. Nyumba yake ni ya chini kuliko zote, maji humfikia yakiwa yamechoka. Nikasema moyoni, huyu ndiye anayetufungia, ili tone letu lishuke kwake.

Ndipo wageni wa mradi walipokuja.

Walitaka kutoa miche ya miti ya asili ipandwe kando ya mfongo na kwenye chemchemi za juu, na kufundisha watu mbolea ya zizi na matuta ya kuzuia mmomonyoko. Habari zilisema watachagua jamii yenye ushirikiano. Katekista alitangaza kanisani, uwanja ukafagiliwa, sukari ikapatikana. Wanawake na watoto tuliambiwa tuje, kwa sababu wageni wa siku hizi wanapenda kuwaona.

Mama wa mradi alikuwa mpole, na daftari lake kubwa. Aliuliza, "Hapa kwenu maji mnayagawana vipi? Mgogoro ukitokea mnafanyaje?"

Mzee wa mfongo akasafisha koo. "Mama, hapa kwetu mgogoro hakuna. Sisi tunaishi kwa kusaidiana. Nyumba ikipata shida, nyumba nyingine zinaibeba."

"Mfano?" mama akauliza, kalamu tayari.

Mzee akageuza uso, akanyoosha mkono kutuelekea. "Mfano hawa hapa. Yatima. Baba yao mdogo huyu anawachimbia kipande chao kila msimu, miaka mitatu sasa. Na chake anachimba. Vipande viwili!"

Mama wa mradi akamtazama baba mdogo kwa heshima. Akasema, "Hongera sana, baba." Baba mdogo akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wapasua mbao wakatazama viatu vyao. Mwalimu mstaafu alipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. Siku ile niliyaona yote hayo na sikuyaelewa.

Nilimlaza mdogo wangu kwenye mapaja ya kaka yake, nikasimama.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Baba mdogo anachimba, ni kweli, namshukuru. Lakini maji hatupati. Kuna mtu anatuibia. Alama za viatu vyake ziko mlangoni kwetu kila wiki, na amekaa hapa juu ya gogo anakunywa chai ya ushirikiano."

Hata kicheko kilitoka kwa mtu, sikumbuki nani. Mzee wa bondeni hakusogea. Aliniangalia, akamwangalia baba mdogo, akamwangalia mzee wa mfongo, polepole, kama anayengoja kila mmoja kwa zamu yake. Akaweka kikombe chini.

"Umemaliza, binti?"

"Nimemaliza. Na mama yangu alikujua vizuri."

Akanyanyuka, akapangusa suruali, akaondoka. Hakuna aliyemwita. Mzee wa mfongo alimwambia mgeni, "Ni mtoto, mama, ana uchungu wa wazazi." Baba mdogo akanishika bega kwa upole sana, akanikalisha. Upole ule ndio unaonichoma mpaka leo. Mtu aliyekuwa akitufungia maji alinishika bega mbele ya watu, na watu wakaona anavyonipenda.

Miche haikuja. Ilipelekwa kwenye mfongo mwingine huko Kibosho. Mama wa mradi hakusema sababu, lakini kwetu sababu ilikuwa moja tu, na ilikuwa ni mimi. Nilipopita na mzigo wa majani nilisikia, "Huyo ndiye aliyetukosesha miti." Mke wa katekista, ambaye alizoea kunipa magadi ya kupikia kiburu, ndizi zetu za maharage, akawa hana magadi.

Ukweli niliupata kwa mama mdogo, na aliutoa kama tusi. Tulikuwa tumeshuka porini, huku tambarare, kukata majani ya ng'ombe. Yeye na wanawake wengine wawili walikuwa mbele yangu, wanafunga mizigo. Nilichukua kamba iliyokuwa chini nikidhani ni yangu.

"Acha kamba ya watu," akasema. "Au na kamba nayo utasema umeibiwa?"

"Samahani, mama mdogo."

"Samahani! Kamwambie samahani yule mzee uliyemtukana mbele ya wageni. Mtu anakuchimbia miaka mitatu, unamlipa kwa kumwita mwizi."

Nikasema, "Anayetuchimbia ni baba mdogo."

Akacheka mpaka akaweka panga chini. "Mume wangu? Mume wangu achimbe vipande viwili? Yule hata cha kwake anamalizia amekaa! Muulizeni huyu mtoto kama amewahi kumwona baba yake mdogo akinyanyua tope likafika juu." Wale wenzake wakacheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu walikumbuka kwamba ninasikia.

"Na maji?" nikauliza. "Maji ya Jumatano?"

Hapo alijua amevuka. Akainua mzigo wake. "Nyanya hazinywi hewa," akasema, akaanza kupanda mlima.

Nilibaki porini mpaka jua lilipokuwa juu kabisa. Nilipanga mambo moja baada ya jingine. Baba mdogo hakuwahi kugusa kipande chetu. Alitaka kiachwe misimu mitatu, mlango ufungwe, aombe zamu yetu. Lakini kila walipopanda walikuta kipande kimeshachimbwa alfajiri, tope limelazwa chini na kupigwa kwa mgongo wa jembe, kama lile la mlangoni kwetu, ambako mzee alipita hata kati ya misimu kuziba palipovuja. Hapa kwetu kila mtu anajulikana kwa uchimbaji wake. Mwingine hurusha tope mbali, mwingine huacha ngazi ukingoni, mwingine hukata mizizi kwa panga kabla ya jembe. Wanaume wote walisoma kazi ile kama mtu anavyosoma mwandiko wa ndugu yake, wakanyamaza. Baba mdogo akadai sifa, wakanyamaza. Akahamishia nusu ya maji yetu kwenye nyanya, wakanyamaza. Kusema kungemaanisha ugomvi na mtu wanayeonana naye kila siku, na kwa ajili ya nani? Watoto wanne wasio na mtu. Mimi peke yangu sikuweza kusoma, kwa sababu sikuruhusiwa kupanda. Nilizikuta herufi mlangoni kwangu nikazisoma kinyume.

Kwetu mtu aliyekosea namna ile hutafuta isale, lile jani refu tunalopanda mipakani, na hulituma kwa yule aliyemkosea. Isale likifika, anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Lakini halibebwi na mkosaji. Hubebwa na mtu mzima anayeheshimika, naye ndiye anayesema maneno.

Nilimwendea katekista. Alisema yeye ni mtu wa kanisa, mambo ya masale ayaachie wazee. Nilimwendea mwalimu mstaafu, akasema mguu unamsumbua, nije baada ya wiki. Nilikwenda baada ya wiki, mguu ulikuwa unamsumbua bado, ingawa nilimkuta juu ya ngazi anakata ndizi. Wapasua mbao walisema wataongea kwanza wao kwa wao. Mzee wa mfongo ndiye aliyenipa jibu la kweli, na namheshimu kwa hilo peke yake.

"Mwanangu," alisema, "nikilibeba isale lile, nitakuwa nimekiri kwamba tulikuwa tunajua."

"Mlikuwa mnajua, mzee."

"Ndiyo maana siwezi."

Nikalibeba mwenyewe. Mzee wa bondeni alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza mpini wa jembe. Mke wake alishafariki zamani, na mtoto wake pekee alikuwa mfanyabiashara Tarakea, mpakani na Kenya, hakuja ila Krismasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Isale."

"Nani amekutuma?"

"Nimejileta. Nimewaomba watano, hawakutaka."

Akaendelea kukwangua mpini. "Basi hilo ni jani tu."

Nilipiga magoti. Nilisema kila nililokuwa nimepanga kusema, na mengine ambayo sikuyapanga, juu ya mama, juu ya ng'ombe aliyekula migomba. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipomaliza nikamuuliza kwa nini alituchimbia.

"Kipande chenu kiko juu ya changu," alisema. "Chenu kikiziba, mimi nakunywa nini?"

Nilijua hilo halikuwa jibu lote. Kipande kikiachwa wengine hukichimba kwa pamoja na maji hushuka, nyumba ile tu ndiyo inayofungiwa. Naye alijua kwamba najua.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Mimi niseme? Walikuwepo wanaume wazima sita wanaojua, na wewe ndiye uliyesimama." Akajaribu mpini kiganjani. "Nilitaka kuona nani atasimama wa pili."

Halafu akaniambia nitakavyolipa. Jani hakulipokea, hakulikataa, liliachwa juu ya kuni. Alisema misimu sita ameibakiza nyumba yetu kwenye mfongo, siku mbili kila msimu, kwa hiyo nina siku zake kumi na mbili. Nitazilipa kwenye kipande chake, kwa jembe, pamoja na kuchimba kipande chetu, mbele ya watu, mchana kweupe.

"Mimi ni mwanamke, mzee."

"Nimeona."

"Wanasema maji yatakauka."

"Yakikauka tutajua ni kweli. Nunua jembe, hilo la baba yako yuko nalo mdogo wake na hatakupa."

Nilinunua jembe mjini Moshi, duka la Wahindi karibu na soko, nikatafuta mpini mwenyewe. Kabla ya masika nilipanda nyuma yake. Wapasua mbao walipotuona walisimama. Baba mdogo akasema, kwa sauti ya wote, "Mzee, umeota ndoto gani ya kuleta sketi kwenye mfongo?" Mzee wa bondeni akajibu, "Koti la marehemu lipo hapa kila msimu na halichimbi. Acha sketi ijaribu." Hapo watu walicheka, na kicheko kile kilinisaidia kuliko huruma yoyote niliyowahi kupewa.

Alinifundisha kulaza tope upande wa chini na kulipiga mpaka liwe kama ukuta. Alinifundisha kusikiliza fuko akichimba chini ya ukingo. Hakunisifu. Nikikosea alibomoa kwa mguu, nikaanza upya. Siku ya pili mikono yangu ilikuwa imepasuka kiasi kwamba mdogo wangu ndiye aliyenishikia kijiko cha uji. Jumatano iliyofuata nilisimama kwenye mlango wetu wa maji na lile jembe, nikasimama mpaka zamu yetu ikaisha, na maji yalikuja yote, mapana, ya kahawia, yakipiga kelele. Baba mdogo alipita mara mbili. Nyumba iliyokuwa na mchimbaji haikuweza kuibiwa tena, kwa sababu sasa nilikuwa naona.

Maji hayakukauka. Hakuna aliyekuja kusema kwamba walikosea.

Siku zangu nililipa mbili msimu ule na mbili msimu wa vuli. Masika iliyofuata nilipanda nikalipa moja, yeye akiwa amekaa ukingoni anakohoa, ananionyesha kwa fimbo. Siku ya pili hatukupanda. Alifariki asubuhi, na majembe yaliyokuwa yachimbe mfongo yalichimba kaburi. Kwenye kaburi wanawake hatuchimbi, kwa hiyo hata pale sikuweza kupunguza chochote.

Nilibaki na siku saba.

Miaka ilivyokwenda wageni wengine wa mradi mwingine walikuja, na safari hiyo walitafuta wanawake. Walinipiga picha nikiwa na jembe. Mzee wa mfongo alisimama kando yangu akawaambia kwamba sisi hapa tumewashirikisha wanawake tangu zamani. Mama aliyekuwa anaandika aliandika. Mdogo wangu mkubwa wa kiume alishamaliza sekondari wakati huo, na wazee wakasema sasa mwenye kipande amepatikana, mimi nipumzike. Alichimba asubuhi moja, akatoka malengelenge, akaniambia, "Dada, mimi nadhani kazi yangu iko mjini." Wiki hiyo hiyo akaenda. Hao watoto wote watatu walisoma. Hilo sijutii, na wakija Desemba na kuniambia namna ya kutunza mazingira nawasikiliza.

Lakini siku saba. Mtoto wa mzee wa bondeni alipokuja Krismasi ya kwanza baada ya mazishi nilimfuata kwake. Alikuwa anapakia vitu vya baba yake kwenye gari la mtu.

"Shemeji, karibu," akasema kwa utani, ingawa hatuna ushemeji.

"Nina siku saba za baba yako."

"Siku saba za nini?"

"Za jembe. Alituchimbia, nikawa namlipa. Nataka unioneshe utakavyozihitaji."

Alisimama na ndoo mkononi. Hakuwa mtu mbaya. "Dada yangu, mimi niko Tarakea, navusha mahindi kwenda Kenya na kurudi. Nitafanya nini na siku saba za jembe? Nimekusamehe."

"Huwezi kunisamehe. Hukuchimba wewe."

Akacheka, akaona sicheki, akaacha. "Basi," akasema, "kama ni lazima, mchimbie baba yako mdogo. Kipande na zamu nimempa yeye, aliniomba hapohapo msibani. Alisema ni jirani na ana nyanya."

Nilikwenda kwa mzee wa mfongo nikaomba kipande kile nipewe mimi, niwe nachimba viwili. Alisema kimeshatolewa, na mwenye mali ameridhia, na kwamba nisianze tena yale mambo ya mbele ya wageni. Wapasua mbao walikuwepo. Mwalimu mstaafu alikuwepo, na mguu wake.

Mfongo bado unashusha maji, ingawa siku hizi ni nyumba tano tu zinazochimba na wengine wamevuta bomba. Kila msimu napanda. Namaliza chetu, kisha nateremka kwenye kipande kilichokuwa cha mzee wa bondeni, ambako baba mdogo huweka vibarua wawili, wanachimba juujuu na kuondoka kabla ya saa sita. Nina nguvu bado. Ningeweza kukichimba kwa siku mbili, nikajihesabia, zikabaki tano. Lakini kila jembe nitakalolipiga pale litamwagilia nyanya za mtu aliyetufungia maji tukiwa watoto, na marehemu hatapata hata tone. Nasimama kidogo, naruka ukingo, naenda nyumbani kukamua. Siku saba ninazo. Sijapata pa kuzilipia.